Mfereji wa Elifasi Haujaota Majani

Saa kumi na mbili asubuhi, Eliezeri Mbwambo amezama hadi kiunoni kwenye ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, mlimani juu ya Makanya. Anachomoa gogo lililoziba tundu. Maji yanatoka mbio kuelekea mashambani.

Yeye ndiye mgawa maji wa kijiji, na leo ni zamu yake mwenyewe. Mvua za vuli zimegoma, mahindi yake yamenyauka. Hata hivyo, maji yanaposhuka hadi alama iliyokatwa kwenye fimbo ya kupimia, analiziba tundu, nusu ya shamba lake ikiwa bado kavu.

Zamu inayofuata ni ya mwanawe wa pekee, Elifasi, aliyekwenda kuchimba vito Mererani mwaka 1990. Hii ni misimu mitatu hajaleta habari. Kamati ya maji ya kijiji imemruhusu mzee aichukue. Amekataa, akampa jirani yake Dorkas, mjane mwenye watoto wadogo, kwa sharti kwamba airudishe siku Elifasi atakapotokea.

"Nikiyachukua mimi hayo maji, nitakuwa nimesema harudi," anasema.

Dorkas anamwamkia kila asubuhi, na kila asubuhi anamsihi achukue japo kidogo. Mzee huitikia marahaba, basi. Majuzi mama huyo alimpelekea kikapu cha maharage. Mzee alichota bakuli moja, yaliyobaki akayarudisha.

Miaka ya foleni za sukari na sabuni ndiyo iliyomfundisha kutosheka. Sasa maduka ya Same yamejaa kila kitu, naye bado anakunywa kikombe kimoja cha chai, sukari nusu kijiko. Mkewe alifariki kabla Elifasi hajaondoka. Jioni nyumba yake ni kimya mno, kimya cha kuumiza, na mwandishi huyu hakuona haya kutamani kuaga mapema.

"Kula kidogo nimezoea. Kuvaa kidogo nimezoea," anasema, akitazama moto. "Huu upweke ndio sijajua kiasi chake."

Kesho yake anaonekana na jembe kwenye mfereji wa Elifasi. Maji ya Dorkas hupita kwingine, kwa hiyo huu ni mkavu kabisa. Hauna jani hata moja. Anaulizwa ana mpango gani msimu ujao.

"Kuusafisha tena," anajibu. "Siku akija, maji yasichelewe kumfikia."