Kizibo cha Jiko la Lugari

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Shule niliacha darasa la sita, nikabeba magunia ya mahindi kwa mgongo huu, na leo nina vyumba ishirini na vinne vya wanafunzi kule Shirere. Niliponunua lile jiko la chuma kutoka nyumba kuukuu ya mzungu huko Lugari, wanaume sita walilibeba wakihema. Mtaa wetu mzima wa Amalemba haukuwa na la pili.

Nililinunua kwa ajili ya mama. Mvua za Julai zilikuwa zinamkaza magoti mpaka anatembea ameshika ukuta. Jiko hilo lina tangi dogo nyuma ya moto: ukipika, maji yanapata moto na kuzunguka kwa paipu hadi vyumbani. Fundi alipitisha paipu chini ya dirisha la mama, chumba kikawa kama chini ya kuku anayeatamia. Mama alikaa pale kwenye kigoda, mgongo kwenye joto, akichambua mboga.

"Baba, hii nyumba yako inanipikanga polepole," alinitania.

Fundi alinionyesha paipu moja iliyotokeza nje, juu ya ukuta. "Bosi, jiko linapumulia hapa. Maji ya tangi la juu ya paa yanashuka tu, hayarudi. Mvuke ukikosa njia hii, utajitafutia nyingine."

"Mimi siambiwi mara mbili," nikamjibu.

Lakini paipu ile ilikuwa inadondosha maji ya kutu, na ukuta wangu mweupe unaoangalia geti ukapata mstari mwekundu. Jumamosi akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kuiombea nyumba. Ijumaa nikapanda ngazi mwenyewe, nikaziba paipu kwa kizibo, nikapaka rangi upya. Nilisema nitakitoa wageni wakienda. Wageni walisifu jiko, wakasifu na ukuta, mimi nikasahau.

Hapana, nisidanganye. Jumapili nilikumbuka. Nikautazama ukuta vile ulivyong'aa, nikarudi ndani.

Jumatatu asubuhi paipu ya dirishani ilipasuka nyuma ya mgongo wa mama.

Hospitalini alilala kifudifudi siku kumi na moja. Daktari alipouliza ilikuwaje, mama alinitangulia kujibu. "Ni mimi. Niligusa kifungulio cha paipu pale dirishani, nilitaka joto liongezeke kidogo." Kisha akanitafuta kwa macho. "Nisamehe, baba. Nimekuharibia jiko."

Nikamshika mkono, nikamwambia yameisha. Yaani nilimsamehe mama yangu, daktari akisikia.

Miezi mitatu nilinyamaza. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali, mama alimsimulia alivyoharibu kitu cha mwanawe, nami nikiwa palepale nikimega ugali. Jiko lilikaa limepoa. Siku moja ya mvua nikamkuta amejifunika blanketi mbili kando ya jiko dogo la makaa, anachambua mboga. Nikamwambia tuliwashe lile kubwa, lilikuwa limeshatengenezwa.

"Wacha tu. Mimi naharibunga vitu vya watu."

Nikakaa chini, sakafuni, nikamwambia yote: ukuta, wageni, ngazi, Jumapili.

Mikono yake haikusimama. "Kwa hivyo si mimi."

"Si wewe, mama."

Akachambua majani mengine mawili, matatu. "Na hicho kizibo, ulikinunua pesa ngapi?"

"Shilingi themanini."