Kanuni ya Nne ya Mafundi Kufuli

Mtaa mzima ulimwita Mama Kufuli, naye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Kazi ya kuchonga funguo aliirithi kwa baba yake, na kibanda chake kilipakana na duka la balbu la wifi yake. Vitasa vilimtii, watu ndio waliomshinda. Mbele ya kundi mdomo ulikuwa mzito.

Mwaka ule chama cha mafundi kufuli kilifanya jambo jipya. Kanuni za kazi, ambazo zamani zilipikwa na wakubwa watatu, safari hii zililetwa kwa wanachama wote wazijadili kabla ya kura. Ya nne ilimkaa Mama Kufuli kifuani: fundi asimfungulie mtu mlango kabla ya kuonyeshwa kitambulisho. Atakayekiuka atanyang'anywa beji.

"Nzuri hiyo," alisema wifi yake. "Wezi wamewatumia sana."

"Nzuri, wifi. Lakini aliyefungiwa nje, kitambulisho chake kiko wapi?"

Wifi alicheka mpaka akashika meza. "Kiko ndani, kwenye mkoba! Kaseme hivyo hivyo mkutanoni."

"Mimi? Mbele ya wale wanaume?"

"Sasa nikusemee mimi? Mimi nauza balbu."

Ukumbi wa chama ulikuwa juu ya duka la rangi, viti vya plastiki vimebanana. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tupa, aliyewafundisha kazi nusu ya waliokuwemo.

"Kanuni ya nne. Kuna neno?"

Mkono wa Mama Kufuli ulipanda nusu, ukashuka. Mzee alikuwa anageuza ukurasa. Hapo Mama Kufuli akamkumbuka jirani yake aliyejifungia nje, sufuria iko motoni na mtoto kalala kitandani. Angemwambia nini, kalete kitambulisho? Akasimama.

"Mwenyekiti, kitambulisho kiko ndani."

"Ndani ya nini, binti yangu?"

"Ndani ya nyumba. Na mlango umefungwa. Ndiyo maana ameniita."

Ukumbi uliangua kicheko. Mzee Tupa alivua miwani, naye akicheka. "Maisha yangu yote nafungua milango, leo nimeandika kanuni ya kuifunga!"

"Kwa hiyo tumfungulie yeyote?" aliuliza fundi mmoja wa nyuma, mwenye sauti ya baragumu. "Na mwizi je?"

Mama Kufuli aligeuka kumtazama. "Hapana, kaka. Jirani amtambue kwanza. Nikishafungua, nabaki mlangoni mpaka anionyeshe kitambulisho."

"Akikikosa?"

"Anatoka, nafunga, naita uongozi wa mtaa."

Baragumu alikuna kidevu. "Basi tuongeze na hili: penye hatari, kama mtoto yuko ndani, fundi afungue kwanza. Ila asiondoke mpaka mwenye nyumba ajulikane."

"Hilo zuri kuliko langu," Mama Kufuli alisema.

Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Mzee Tupa aliiandika kanuni upya, akaisoma kwa sauti, kisha akamtazama Mama Kufuli, ambaye alikuwa amesahau kukaa.

"Umeridhika, mama?"

"Samahani, Mwenyekiti. Hebu isome tena. Sikusikia vizuri."

Alikuwa safu ya mbele kabisa. Mzee Tupa akavaa miwani yake, akairudia polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho.