Mkono wa Kushoto wa Mama Mitihani

Nina miaka kumi na mmoja katika masjala ya chuo kimoja kilicho mwendo mfupi kutoka barabara ya Msimbazi. Kazi yangu ni mafaili: kuyapokea, kuyapanga, kuyatoa na kuyarudisha. Wenzangu wengi hawakujua kwamba nachora. Nachora kwa kalamu ya wino ya kawaida, nyuma ya fomu zilizochapwa vibaya, saa ya chakula cha mchana. Sijasomea. Nilianza nikiwa shule ya msingi, Ilala, nikichora wateja wa mama yangu aliyekuwa akiuza maandazi barazani, na sikuacha.

Chumba cha jirani alikaa afisa mitihani, mama mtu mzima kutoka Kilimanjaro, aliyebakiza miaka michache kustaafu. Chuo kizima tulimwita Mama Mitihani. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na tulimwogopa. Siku moja alinitaka faili la mwanafunzi, nikalitafuta asubuhi nzima bila kuliona. Akaja mpaka dirishani kwangu, wanafunzi wakiwa wamepanga foleni, akasema, "Hii siyo masjala tena. Ni jalala."

Foleni nzima ikacheka. Faili nililiona baadaye, limeteleza nyuma ya kabati, nikampelekea. Mchana ule nilimchora. Nilimchora amekaza midomo, miwani imeshuka puani, kalamu ameishika kama mtu anayetaka kumchoma mwenzake. Nilipomaliza hasira ikapungua. Nikaiweka ile karatasi pamoja na nyingine, nikaisahau. Tangu hapo kati yetu ilibaki shikamoo na marahaba tu.

Miezi ikapita. Mkutubi wetu, dada mchangamfu, akabandika tangazo: kila mfanyakazi mwenye kazi ya mikono anayoifanya nyumbani ailete, maktaba itafanya maonyesho. Sikutegemea kama watajitokeza watu, lakini walijitokeza. Mlinzi wa geti alileta vikapu alivyosuka kwa mikanda ya plastiki inayofunga maboksi ya bidhaa, ambayo huiokota Kariakoo kwenye maduka ya jumla. Mhasibu, mzee wa Kiarabu ambaye sikuwahi kumwona akifanya lolote zaidi ya kupiga mihuri, alileta kofia alizodarizi mwenyewe, na ukitazama kwa karibu tundu zake ni ndogo kuliko punje ya mtama. Mimi nilimpa mkutubi bahasha nzima ya michoro na kumwambia achague anayoipenda.

Asubuhi ya maonyesho niliingia maktaba mapema. Michoro yangu sita ilikuwa ukutani, na katikati, mahali pazuri kuliko pote, ilikuwa picha ya Mama Mitihani. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake.

Nilimsalimia. Aliitikia bila kugeuka, kisha akauliza nilimchora lini. Nikaona hakuna faida ya kudanganya, nikamwambia ni siku ile ya faili.

"Ulikuwa na hasira," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Inaonekana. Lakini mkono umekosea. Umenichora nimeshika kalamu kwa mkono wa kulia."

Nikamwambia ndivyo nilivyomwona siku zote.

"Ndivyo unavyoniona, kweli. Shuleni walinichapa mpaka nikajifunza kuandikia wa kulia. Lakini kile pale nimekishona kwa huu." Akainua mkono wa kushoto, akanionyesha kitandiko kikubwa kilichoning'inizwa kati ya makabati mawili ya vitabu. Kilikuwa cha vipande vya vitenge na khanga, mamia ya vipande, vimeunganishwa kwa mkono tangu upande mmoja hadi mwingine. Nilikuwa nimekipita nilipoingia nikadhani kimenunuliwa.

Nikaomba niiondoe ile picha. Akakataa, akasema watu waone kwamba najua kuchora. Siku nzima walikuja kuitazama. Dereva wa chuo alicheka mpaka akafuta machozi, akaniambia nimepatia kabisa. Mama Mitihani alikuwa hatua mbili nyuma yake, akieleza wageni namna ya kupanga rangi. Sikuwahi kuona aibu kama ile.

Jioni nikamwuliza kama ataniruhusu nimchore akishona. Alifikiri kidogo, akakubali. Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini kwake kila mchana. Akishona alizungumza. Alinieleza kwamba vipande huviomba kwa mafundi cherehani wa Kariakoo, ambao wangevitupa. Alianza mwaka mumewe alipolazwa muda mrefu. Kwenye mabenchi ya hospitali, alisema, mikono ndiyo inayokuchosha kwa kukosa kazi. Mume akapona, yeye akaendelea kushona.

Nilipompa picha aliitazama akatikisa kichwa. Nilikuwa nimemlainisha uso, nimemwondolea mikunjo, hata miwani nilikuwa nimeipandisha.

"Ile ulinichukia," akasema. "Hii umeniogopa. Chora tena."

Nikachora tena. Safari hii sikuanza na uso. Nilianza na mkono wa kushoto, kidole gumba kilichoota sugu pale sindano inaposukumwa, nikapanda taratibu mpaka mabegani. Nilipofika usoni nilikuta midomo imekazwa vilevile kama siku ya faili. Nikaelewa kwamba huwa anaikaza anapotafuta mahali pa kupitisha uzi. Nikaiacha kama ilivyo.

Aliitazama hiyo ya tatu muda mrefu, akaikunja ndani ya kitambaa, akaondoka nayo.

Siku mbili baadaye nilipigiwa simu na mzee nisiyemjua. Alikuwa mumewe. Alinishukuru, kisha akaniuliza nilikuwa nimekaa upande gani wakati nachora. Nikamwambia nilikaa kushotoni kwa mkewe, karibu na dirisha.

"Basi ndiyo maana umemwona kama ninavyomwona mimi," akasema. "Na mimi nyumbani hukaa upande huo."

Tukazungumza kidogo habari za afya yake, akanikaribisha Jumapili kwa chakula cha mchana. Nilienda.