Uchaguzi Mdogo na Kaburi la Mama

Tulihamishwa kupisha machimbo ya mchanga bara ya Msambweni, na kaburi la mama likabaki ndani ya seng'enge, pembeni, mahali ambapo mitambo haikufika. Miaka yote hiyo tulilizuru kwa kibali. Machimbo yalipofungwa, vijana wetu walirudi nyumbani bila kazi, geti likatiwa kufuli, na wa kutoa kibali hakuonekana tena.

Dada yangu mkubwa alikuwa mgonjwa. Ombi lake lilikuwa moja tu, azikwe ubavuni mwa mama.

Ndipo kiti cha ubunge kikawa wazi na uchaguzi mdogo ukatangazwa. Wagombea wengi walipita na vipaza sauti wakiahidi ajira. Mmoja alikuja barazani kwetu baada ya Alasiri, akavua viatu, akatushika mikono wazee wote. Nikamweleza habari ya dada. Akasema akipata kiti, geti litafunguliwa, na wenye makaburi wataingia kuzika. Mwenzetu mmoja alitaka yaandikwe, tukamwonea haya. Kwetu posa humalizwa kwa Fatiha, na mpaka wa shamba vilevile, wala hakuna anayedai karatasi baada ya hapo. Tukasoma. Naye akaitikia amina, akaenda kusomewa kijiji cha pili.

Dada alicheka nilipomsimulia. "Mmemposa mbunge? Na mahari ataleta nani?"

Hata hivyo, siku ya kura alijitanda leso mpya, tukapanda bodaboda mishikaki, yeye katikati, mpaka shuleni.

Yule bwana alishinda. Nilipanda Kwale mara nyingi kumtafuta, nikiambiwa yuko Nairobi. Siku tulipoonana alinipa chai na heshima zote.

"Mzee wangu, dua yenu naishukuru sana," alisema. "Lakini ardhi ile si yangu kuifungua."

Nilimwambia kwamba ile haikuwa dua, tulikuwa tumewekeana ahadi. Alinitazama kwa huruma, na nadhani hakuwa na hila. Kwake yeye Fatiha ilikuwa sehemu ya kampeni, kama fulana na vipaza sauti.

Niliporudi, dada aliuliza, "Watafungua?"

Nikamwambia tuvute subira.

"Vuta wewe, ndugu yangu. Mimi sina muda."

Alifariki kabla ya Ramadhani. Tulimzika nyuma ya nyumba, katika kiwanja tulichopewa tulipohamishwa. Alhamdulillahi, watu walijaa, na udongo haukutusumbua. Lakini hadi siku hiyo maiti wetu tulikuwa tukiwapeleka kwa jamaa, Gazi na kwingineko, kwa kuwa hapa tulisema tunangoja tu kurudi kwetu. Baada ya dada, jirani naye alimzika mumewe papo hapo, na wengine wakafuata. Sasa ni makaburi ya kijiji. Wajukuu wakiulizwa kwao ni wapi, huonyesha huku, wala siwasahihishi.

Getini siendi tena.