Ubongo wa Ng'ombe Ndani ya Kompyuta

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Bariadi. Juzi, baada ya mnunuzi binafsi wa pamba kutupatia kompyuta shuleni, niliambiwa nichague programu ya kuigiza jinsi neva za ubongo zinavyopashana habari. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilichora mistari tu, imepooza. Nikaanza kufungua ya pili, nikatoka kuwasalimu wazazi waliokuja kuamua kama inunuliwe.

Niliporudi nao, nyota zilikuwa zinakimbizana kioo kizima. Mimi Msukuma, hata mnadani nachagua dume lililochangamka.

“Hii ndiyo!” nikatangaza. “Huu ni ubongo wa ng'ombe.”

Mzee mmoja, mfugaji wa Mwandoya, akasogea. “Sasa hivi anawaza nini, Mwalimu?”

“Ameona maji,” nikajibu bila haya. “Zile nyekundu ni kiu.”

Wazazi wakapiga makofi. Mkuu wa shule akaegemea meza aone vizuri, kipanya kikasogea. Nyota zote zikatoweka, yakabaki maandishi: programu imeshindwa kufunguka. Kumbe zile nyota ni pambo tu, kompyuta hujiwekea ikiachwa bila kuguswa.

Mzee akavua kofia. “Pole, Mwalimu. Amekufa kabla hajanywa?”