Turbo Kubwa

Turbo ya lori letu ilipokufa, mtaa wetu wa Mji wa Kale uligeuka mtaa wa mafundi. Nasema lori letu kwa adabu tu. Lilikuwa langu, aliniachia marehemu baba, na mume wangu ndiye aliyekuwa akiliendesha. Wakati huo alikuwa akibeba makontena kutoka bandarini hadi maghala ya Shimanzi na Changamwe, na jioni akirudi nyumbani kama waume wengine. Kabla ya hapo alikuwa akienda bara, hadi mpakani Malaba, nami nikimwona kwa nadra. Binti yetu alipokuwa mdogo alikuwa akimkaribisha baba yake kiti na kumuuliza kama atakunywa maji. Siku zile sikuzitaka tena. Nilitaka mume anayelala nyumbani, na kwa kuwa nilikuwa nimelisema hilo waziwazi, nilidhani tumeelewana.

Fundi wa gereji kule Shimanzi aliifungua turbo, akaitia kwenye gunia, akampa mume wangu aje nayo nyumbani ili tutafute nyingine. Kibati chake cha namba kilikuwa kimelika, hakisomeki. Hatukujua kama ndiyo iliyotoka kiwandani au baba aliwahi kuibadilisha.

Kwa hiyo fundi alitwambia tuchague wenyewe, na akatueleza. Turbo ni kama feni inayozungushwa na moshi wa injini, ili isukume hewa ndani ya injini hiyohiyo. Ndogo huamka upesi na yafaa kazi ya kusimama na kuondoka, lakini kwenye safari ndefu ya milima huishiwa na pumzi. Kubwa huvuta mzigo barabara kuu bila kulalamika, ila ukiiweka kwenye foleni ya bandarini itakutolea moshi mweusi mpaka injini ipate kasi. Nilimsikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu yeyote. Alipomaliza, mimi nilikuwa nimeshachagua.

Ile mbovu ikawekwa barazani kwetu juu ya gunia lake, na hapo ndipo nilipojifunza jinsi wanaume wanavyochunguza mashine. Hapiti mmoja asichutame, akatia kidole, akazungusha kile kigurudumu cha ndani, akakitikisa, kisha akasema, "Ehe." Ehe nini, hakuna aliyeeleza. Mshona kanzu wa nyumba ya pili alizungusha. Karani mstaafu, ambaye chombo pekee alichowahi kukiendesha ni baiskeli, alizungusha, akavaa miwani, akazungusha tena. Mama mkwe wangu naye alitoka na ungo wa mchele, akatazama kulia na kushoto, akatia kidole.

"Imelegea," akasema.

Hiyo ndiyo iliyokuwa rai ya kitaalamu kuliko zote nilizozisikia siku ile.

Baada ya sala ya alasiri wakakaa mkutano. Kahawa ilitoka jikoni kwangu, maoni yakatoka kwao.

"Chukua kubwa, shekhe," karani alimwambia mume wangu. "Gari kubwa hainunuliwi kitu kidogo."

"Na mlio wake je?" mshona kanzu akaongeza. "Ile ndogo yalia kama birika."

Hoja ya birika ilipita bila kupingwa. Nikiwa mlangoni nikasema kwamba lori letu linashinda kwenye foleni, na foleni haina milima. Wakanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," karani akanambia, "mambo ya mashine waachie wenyewe."

Mwenyewe wa mashine nilikuwa mimi, lakini sikutaka kumharibia kahawa yake, nikamjazia kikombe. Mume wangu alikuwa ameketi kati yao. Alikuwa akitabasamu tu, nami nikalichukua tabasamu lile kuwa liko upande wangu. Miaka yote ile ya ndoa, na bado nilijiona hodari wa kuusoma uso wake.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Mwembe Tayari kwenye duka la spea. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye kofia nyeupe, alitusalimu salamu ndefu zilizopitia wazazi, watoto na joto la mwaka huu, ndipo akatuwekea turbo mbili juu ya kaunta, ndogo na kubwa. Mume wangu, bila shaka, akatia kidole. Na mimi nikatia, maana sikuona kwa nini nikose raha hiyo.

"Zote mbili zaingia kwa injini yenu," mzee akasema. "Ila niambieni kwanza, gari yafanya kazi wapi?"

"Bandarini," nikasema.

"Malaba," akasema mume wangu.

Tulisema kwa pamoja. Mzee ni mtu wa adabu. Akatupa mgongo, akaanza kupangusa rafu ambayo haikuwa na vumbi.

Nikamvuta mume wangu nje, kando ya wachuuzi na watu waliokuwa wakipakia mizigo kwenye mabasi ya bara.

"Malaba gani?" nikamuuliza.

"Kuna mtu ana mzigo wa kudumu. Nilitaka kukwambia."

"Lini? Ukishafika Voi?"

Hakucheka. Nikamuuliza kama amechoka na nyumba.

"Sijachoka na nyumba, wallahi," akasema. "Lakini hapa nazunguka. Asubuhi foleni, mchana foleni, na kontena lenyewe laenda hapo ng'ambo tu. Kule nikizima gari najua nimefika mahali. Hapa sifiki popote."

Nilikuwa na majibu mengi, tena makali. Hayo mimi siyakosi. Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi jikoni nazunguka, na sijaona mtu akinitafutia turbo. Niliumia sana. Lakini alikuwa amesimama mbele yangu kama mtu anayeomba ruhusa, na lori ni langu, na kumkatalia ningeweza. Huko kuweza ndiko kulikonitia hofu.

Nikarudi ndani, nikamwambia mzee atupe kubwa.

"Mwambieni fundi asafishe bomba la oili kabla hajaifunga," akasema, "au mtarudi kwangu haraka. Nawapenda, lakini si hivyo."

Barazani habari zilipokewa kama sikukuu. Karani alinambia anaona sasa naanza kuelewa mashine, nami nikamshukuru kwa elimu yake.

Mume wangu alipoondoka na mzigo wa kwanza, alinipigia simu jioni kutoka Voi. Alikuwa ameegesha, anakunywa chai. Akanieleza jinsi lori lilivyopanda mlima wa Mazeras, jinsi trela za mbele zilivyompisha, na habari za dereva mmoja anayesafiri na kinanda chake na asiyejua kukipiga. Aliongea na kuongea, na akacheka. Tangu aanze kazi ya bandarini sikuwa nimesikia nusu ya maneno yale, na alikuwa akilala ubavuni mwangu. Kisha akaniuliza tumekula nini.

"Samaki wa kupaka," nikasema.

"Ulitia ukwaju?"

Miaka yote amekula samaki wangu, hakuwahi kuuliza. Nikamwambia nilitia. Akataka nimweleze huwa napikaje, tangu mwanzo. Nikakaa sakafuni jikoni, nikaanza kumweleza polepole, nikirefusha kila hatua. Sikutaka akate simu.