Rafu, Bila Shaka

Katika nyumba yetu hapa Manga, Kiingereza ni kazi yangu. Nilimaliza kidato cha nne. Mke wangu anajua Ekegusii na Kiswahili cha sokoni. Mwaka jana alitutembelea mama wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu, akiwa na jamaa zake. Alitoka Kampala, na Kiswahili hakijui.

Alipomsalimu mke wangu hakumwachia mkono. Aliugeuza, akapapasa kiganja kwa kidole gumba. Ni mkono wa kuchuma chai, wenye sugu, nyufa na weusi usiotoka kwa sabuni. Akasema "rough", kisha akaongeza neno.

"Anasemaje?" mke wangu akaniuliza.

Neno hilo la pili linanisumbua hadi leo. Nilisikia "coarse", ambalo nalo ni la kitu kinachokwaruza. Lakini huenda alisema "of course", yaani bila shaka, kama mkulima anayeshika mkono wa mkulima mwenzake. Masikioni mwangu maneno hayo hayana tofauti. Ningemwomba arudie. Niliona aibu, mimi msomi wa nyumba, nikajibu haraka:

"Anasema mkono wako ni rafu. Rafu sana."

Na kwetu rafu ni kuumizana uwanjani. Ni mtu asiye na adabu. Mke wangu akauvuta mkono na kuuficha ndani ya leso. Chai aliwapa, lakini walipoondoka hakuwasindikiza hata hadi langoni, nao wakaliona hilo. Habari za posa zikanyamaza. Binti yetu akawa ananipigia: "Baba, alisema nini hasa?"

Nilifungua kamusi. "Rough" ikanipeleka kwa "coarse", "coarse" ikanirudisha kwa "rough", "harsh" ikanielekeza kwa zote mbili. Kuna ukali wa sauti, wa kitambaa, wa tabia. Kuna "rugged", ya milima kama hii yetu, na hiyo eti inaweza kuwa sifa! Nikaifunga nikiwa nimechanganyikiwa zaidi.

Juzi nikamwambia mke wangu ukweli, kwamba sikusikia vizuri. Akaacha kumenya ndizi.

"Mzee! Umeniacha nimchukie mtu kwa neno ambalo hukulisikia?"

"Ndiyo. Ni kosa langu."

"Mpigie."

Nilipiga, nikaanza kutunga sentensi, akaninyang'anya simu.

"Mama! Huu mkono wangu! Mkono!"

Upande wa pili nikasikia "Omukono!", kisha kicheko, kisha Kiganda kingi. Mke wangu akajibu kwa Ekegusii, akipaza sauti kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya bonde. Wakaendelea hivyo mpaka bando langu likaisha.

"Anakuja Desemba," akasema.

"Amekuambia kwa lugha gani?"

"Wewe na lugha zako! Nunua bando, umwambie binti yako mama mkwe wake anakuja."

"Na lile neno je?"

"Neno gani?" akasema, akaendelea kumenya.